Safari ya Kifahari Nchini Japani: Pesa Hununua Nini Hasa?

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, katika midahalo ya chama chetu cha Kiswahili hakukosi mtu wa kusimama kidete na kudai kwamba mila na maendeleo ni paka na panya, hawawezi kulala chumba kimoja. Eti anayetaka treni ya kasi na maghorofa ya kufikia mawingu sharti autupe jalalani mkeka wa nyanya yake. Madai haya hupigiwa makofi kweli kweli. Basi leo sitaki kubishana na mtu kwa maneno matupu. Nataka tuitazame nchi moja iliyoyashika yote mawili, tena wageni kutoka pembe zote za dunia wakafungua mikoba yao ili waje kuyaona. Nchi hiyo ni Japani.

Mpenzi msomaji, kabla hujaniuliza nitakujibu: la, sijawahi kukanyaga Japani. Nauli ningeitoa wapi? Mimi ni msichana wa shule ya kutwa, na safari yangu ya kila siku ni ile ya kutoka nyumbani hadi shuleni na kurudi. Lakini kusoma hakuhitaji pasipoti. Nimesoma habari za safari za kifahari zinazoandaliwa huko, na swali lililonikaa rohoni ni hili: mtu mwenye pesa za kwenda popote apendapo akichagua Japani, pesa zake hununua nini hasa?

Kwanza tuelewane maana ya safari yenyewe. Watalii wengi huenda Japani kwa makundi makubwa, au hujiendea wenyewe simu ikiwaonyesha njia. Katika safari ya kifahari mambo ni tofauti. Wageni huwa wawili, wanne, au familia moja. Hukaa siku kumi hadi wiki mbili, na kila jambo hupangwa mapema: gari, treni, mlo na malazi. Masanduku makubwa hawayabebi. Japani kuna kampuni za mizigo ambazo huchukua sanduku lako asubuhi katika hoteli moja, na kesho yake unalikuta limekutangulia katika hoteli nyingine. Huduma hii si ya matajiri peke yao. Hata Mjapani wa kawaida huitumia.

Mtu muhimu kuliko wote ni mwongoza watalii. Tangu mwaka wa 1949 Japani imekuwa na mtihani wa serikali wa waongozaji. Mtahiniwa huulizwa lugha ya kigeni, historia, jiografia na mambo ya utamaduni. Mwaka wa 2018 sheria ililegezwa, na mtu asiye na leseni akaruhusiwa pia kuongoza wageni kwa malipo, ila leseni ingali na heshima yake. Mwongozaji hodari si mtu wa kunyoosha kidole tu na kusema, "Hili hekalu, lile hekalu." Kazi yake ni kufungua milango. Manake kuna nyumba Japani ambazo mgeni akibisha hodi peke yake hafunguliwi, hata awe na gunia la noti. Sharti aletwe na mtu anayefahamika. Kwa hivyo jambo la kwanza ambalo pesa hununua ni kujulishwa kwa watu.

Safari nyingi huanzia Tokyo, mji mkuu, ambao zamani uliitwa Edo hadi jina lilipobadilishwa mwaka wa 1868. Hapa mgeni huona usasa hadi macho yakachoka. Katika mtaa wa Shibuya taa ikiwaka watu huvuka barabara kwa mamia kutoka kila upande, wakapishana bila kukumbana. Mtaa wa Akihabara umejaa vifaa vya umeme na vibonzo. Mashine za kuuza vinywaji zimesimama karibu kila kona.

Lakini mwongozaji hakosi kuwapeleka wageni Asakusa, kwenye hekalu la Kibudha la Senso-ji, kongwe kuliko yote mjini humo. Ukilitazama utadhani halijaguswa kwa karne na karne. Kumbe! Ukumbi wake mkuu uliteketea Machi 1945, ndege za Marekani zilipoumiminia mji mabomu ya moto, usiku ambao watu wapatao 100,000 walipoteza maisha. Ulijengwa upya, ukakamilika mwaka wa 1958. Ukiwa uani mwa hekalu unauona mnara wa Skytree, wenye urefu wa mita 634, uliokamilika mwaka wa 2012. Mkongwe na kijana wanatazamana uso kwa uso, na hakuna anayemfukuza mwenzake.

Asubuhi moja wageni huamshwa mapema waende kuwaona wanamieleka wa sumo wakifanya mazoezi katika kambi wanamoishi pamoja. Kule mashindanoni mtu yeyote hununua tikiti akaingia. Mashindano makuu ni sita kwa mwaka, kila moja siku 15. Kambini ni mambo mengine. Mgeni huketi sakafuni kimya na haruhusiwi kuelekeza nyayo zake uwanjani. Wadogo kwa cheo ndio huanza mazoezi alfajiri, tena ndio hupika na kufagia. Wakubwa huja baadaye. Hapo tajiri aliyezoea kuamrisha watu hujifunza kunyamaza. Si mchezo.

Kutoka Tokyo hupandwa shinkanseni, treni ya mwendo wa kasi. Ilizinduliwa tarehe 1 Oktoba 1964, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki kufunguliwa mjini humo, ikienda kilomita 210 kwa saa. Siku hizi kati ya Tokyo na Kyoto hufikia kilomita 285 kwa saa, na safari nzima ni saa mbili na robo hivi. Umbali huo unakaribiana na ule wa reli ya Nairobi hadi Mombasa! Tangu mwaka wa 1964 hakuna abiria aliyekufa kwa sababu ya treni hizi kugongana au kuacha reli. Ila kilichonivutia zaidi ni wasafishaji. Katika kituo cha Tokyo, treni zinazorudi kaskazini hukaa muda mfupi tu, na wasafishaji huwa na dakika saba za kufagia, kufuta meza na kugeuza viti. Wakimaliza hupanga mstari wakawainamia abiria kwa heshima. Wa daraja la kwanza huinamiwa, na wa daraja la kawaida huinamiwa vilevile.

Kituo kinachofuata aghalabu ni Hakone, sehemu ya milima karibu na Mlima Fuji. Mlima huo una urefu wa mita 3,776. Ni mfupi kuliko Mlima Kenya wetu, lakini Wajapani wameuheshimu kwa karne nyingi kama mahali patakatifu. UNESCO ilipouorodhesha mwaka wa 2013 iliuweka katika turathi za utamaduni, si za maumbile. Hapa ndipo wageni hulala katika riokani, yaani nyumba ya wageni ya kimila. Riokani si jambo la jana. Moja iliyoko mkoa wa Yamanashi, Nishiyama Onsen Keiunkan, ilianzishwa mwaka wa 705, na kitabu cha rekodi cha Guinness kinaitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani.

Sasa hebu kisia chumba cha riokani ya bei ghali kilivyo. Labda unawaza kitanda cha futi sita, zulia jekundu na televisheni pana kama ubao wa darasa. Pole! Chumba chenyewe ni kitupu. Sakafu imetandikwa tatami, mikeka minene ya nyasi zilizofumwa. Pana meza fupi, mito ya kukalia, na kishubaka ukutani chenye mchoro mmoja na ua moja. Kitanda hakuna. Jioni mhudumu huingia akatandika magodoro ya futoni sakafuni, na asubuhi huyakunja akayatia kabatini. Kwa hayo, riokani ya hadhi huweza kutoza yeni 50,000 na zaidi kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, pamoja na chajio na kiamsha kinywa. Kwa viwango vya mwaka wa 2025 hizo zilikuwa zaidi ya shilingi 40,000 za Kenya. Kulala sakafuni, jamani!

Hapo ndipo penye jibu la swali langu, kwa hivyo tutulie kidogo. Mgeni akifika huvua viatu mlangoni. Hupewa yukata, vazi jepesi la pamba, na huonyeshwa kwamba upande wa kushoto ndio hulalia juu ya wa kulia. Kinyume chake ni namna ya kumvika maiti. Kisha huenda kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, kama yale ya Bogoria, ila haya yameelekezwa katika birika la mawe. Huoga kwanza kando kwa sabuni, akajisuuza hadi akatakata, ndipo akaingia birikani bila nguo yoyote, wanawake kwao na wanaume kwao. Birika si la kuondolea taka. Ni la kuketi na kutulia. Waziri na mkulima wakiwa humo huwezi kuwatofautisha.

Akitoka, chakula kinamngoja. Mlo wa kaiseki si sahani moja iliyojaa pomoni. Ni vijisahani vingi vinavyoletwa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na tonge chache: samaki mbichi, mboga ya msimu, mchuzi mwepesi, kisha wali. Mpishi hufuata majira. Kinacholiwa Aprili hukioni mezani Oktoba. Hata bakuli na majani ya kupambia hubadilishwa kulingana na msimu. Mhudumu wa chumba ndiye huleta na kuondoa. Anaangalia kasi yako ya kula, anajua kama unatumia mkono wa kushoto, na chai ikipoa huileta nyingine kabla hujaomba. Wajapani wana neno la ukarimu wa namna hii, omotenashi: kumtimizia mgeni haja yake kabla hajaitamka. Na ukimaliza, desturi ya bahashishi haipo kama huku kwetu. Kazi nzuri inahesabiwa kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Waona basi? Zile yeni 50,000 hazikununua godoro. Zimenunua macho ya mtu aliyefunzwa kukutazama bila kukukodolea.

Kituo kikuu cha safari ni Kyoto, mji uliokuwa makao ya wafalme tangu mwaka wa 794 hadi 1868. Hapa nataka tukae kwa sababu ya kitu tunachokijua sote: chai. Mmea ni ule ule unaokuzwa Kericho, Nandi na Nyeri. Tofauti ni mkono wa binadamu. Sisi majani yetu husagwa mabichi, yakaachwa yabadilike rangi, yakakaushwa yakawa meusi, nasi tukayachemsha na maziwa na sukari. Wajapani huyapitisha majani mabichi kwenye mvuke punde tu yakichumwa ili yabaki na ukijani wake. Yale ya kutengenezea matcha, ambayo mji wa Uji karibu na Kyoto unasifika kwayo, huwekewa kivuli wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, hukaushwa, kisha husagwa kwa jiwe hadi yawe unga laini. Unga huo hutiwa bakulini, ukamiminiwa maji ya moto, ukapigwapigwa kwa kifaa cha mwanzi mpaka ukafanya povu.

Aliyeipa sherehe ya chai sura iliyo nayo ni Sen no Rikyu, aliyezaliwa mwaka wa 1522. Zama zake wakubwa walijigamba kwa vyombo vya thamani kutoka Uchina. Yeye alichagua bakuli la udongo lililofinyangwa kwa mkono na chumba kidogo chenye kuta za udongo. Mlango aliufanya mdogo hata mgeni hakuwa na budi kupiga magoti na kutambaa ili aingie. Samurai aliuacha upanga wake nje. Ndani, jemadari na mfanyabiashara walikuwa sawa. Chumba kinachohusishwa naye, kiitwacho Tai-an, kingalipo mahali paitwapo Yamazaki karibu na Kyoto, na ukubwa wake ni mikeka miwili tu. Bwana wake, mtawala Toyotomi Hideyoshi, yeye alijitengenezea chumba cha chai kilichofunikwa dhahabu. Mwaka wa 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue, naye akafa. Lakini tazama mambo yalivyogeuka: kile chumba cha dhahabu kilipotea, ilhali mtindo wa Rikyu ndio unaofundishwa mpaka leo na shule tatu za ukoo wake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mgeni wa kifahari hupelekwa kwa mwalimu wa chai, wakaketi wachache chumbani. Hula kitu kitamu kwanza. Akipewa bakuli huligeuza kidogo ili asinywee upande wake wa mbele, ulio mzuri kuliko pande zote. Hunywa, hulitazama bakuli, hulirudisha. Hakuna pupa. Karamu kamili ya chai huchukua saa nne hivi, ingawa wageni wengi huonjeshwa kwa saa moja. Mwalimu anayewahudumia amejifunza kwa miaka na mikaka namna ya kukunja kitambaa na kuchota maji. Ile saa moja ya mgeni imesimama juu ya miaka yote hiyo.

Kyoto pia ndiko kwenye mtaa wa Gion, wanakofanyia kazi wanawake ambao ulimwengu huwaita geisha, na watu wa Kyoto huwaita geiko. Wanafunzi wao huitwa maiko. Naomba niseme wazi, maana uvumi ni mwingi hata darasani: hawa ni wasanii. Kazi yao ni kucheza ngoma za kimila, kupiga ala ya nyuzi tatu iitwayo shamiseni, na kuwaburudisha wageni kwa mazungumzo. Maiko hujifunza kwa miaka mitano hivi kabla hajahitimu. Nyumba wanakoalikwa, kwa desturi, hazimpokei mgeni mpya asiyeletwa na mteja wa zamani. Malipo hufanywa baadaye, kwa hivyo anayekuleta amekudhamini. Ukifanya utovu wa adabu umemwaibisha yeye.

Walakini si kila mgeni hungoja kuletwa. Mwaka wa 2024 Japani ilipokea wageni takriban milioni 36.9 kutoka nje, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa. Baadhi yao katika Gion waliwaandama maiko vichochoroni wakiwapiga picha kana kwamba ni wanyama mbugani. Mwaka huo huo wakazi wakaamua kuwafungia watalii vichochoro vya watu binafsi, na mabango yakatangaza faini ya yeni 10,000. Hebu fikiri: mtu amevuka bahari kuja kuona utamaduni, kisha yeye mwenyewe akawa sababu ya mlango kufungwa.

Karibu na Kyoto uko mji wa Nara. Sehemu hiyo ina hekalu la Horyu-ji, lenye majengo ya mbao makongwe kuliko yote yaliyosimama duniani. Januari 1949 moto ulizuka katika ukumbi wake ukaunguza michoro ya ukutani ya tangu jadi. Taifa lilishtuka. Mwaka wa 1950 Japani ikatunga sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Sheria hiyo hailindi majumba na vyombo tu. Inalinda pia ustadi ulio mikononi mwa watu. Mfinyanzi, mfumaji au mwigizaji aliyebobea huweza kutambuliwa na serikali, na watu humwita hazina hai ya taifa. Hupewa yeni milioni 2 kila mwaka ili aendeleze kazi na kuwafundisha wengine. Nilipoyasoma hayo niliyasoma mara mbili. Mtu kuitwa hazina kwa kufinyanga chungu!

Mfano ulionikosha roho kuliko yote ni wa Ise, kwenye hekalu kuu la dini ya Shinto. Kila baada ya miaka 20 hekalu hujengwa upya kabisa katika kiwanja kilicho kando ya lile la zamani, kwa vipimo vilevile, kwa mbao mpya za mti uitwao hinoki, ambao ni wa ukoo mmoja na mtarakwa wetu. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 690. Ilikatizwa na vita kwa zaidi ya karne moja, kisha ikaendelea. Ile ya mwaka wa 2013 ilikuwa ya 62, na inayofuata imepangiwa mwaka wa 2033. Mbao za zamani hazitupwi. Nguzo kubwa hugeuzwa malango ya daraja la kuingilia, na baadaye hupelekwa mahekalu mengine.

Sasa nikuulize, msomaji: hekalu la Ise ni la kale au ni jipya? Mbao ni za juzi, lakini kazi ni ya miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu. Siri yake ni ile miaka 20. Seremala kijana hushika patasi mara ya kwanza, mara ya pili huwa fundi mkomavu, na mara ya tatu, akijaliwa uhai, ni mzee anayeelekeza. Wangeamua kujenga kwa mawe jengo lingedumu, lakini ufundi ungekufa. Wao walichagua kuuhifadhi ufundi.

Kituo changu cha mwisho ni Kanazawa, upande wa Bahari ya Japani, ambako shinkanseni ilifika mwaka wa 2015. Karibu dhahabu yote ya kupambia inayotengenezwa Japani hutoka hapa. Mafundi huiponda hadi iwe na unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, ukiipumulia inapaa. Kaskazini yake ni rasi ya Noto, wenye mji wa Wajima, unaosifika kwa vyombo vya mbao vinavyopakwa utomvu wa mti uitwao urushi. Hupakwa, hukaushwa, husuguliwa, hupakwa tena. Bakuli moja hupitia hatua zaidi ya 100 na mikono ya mafundi kadhaa.

Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Noto. Huko Wajima moto ukateketeza eneo la soko la asubuhi, karakana zikaporomoka, na mafundi wengi wakahamishwa makwao. Hapo ndipo nilipoona kwamba pesa za mgeni tajiri si za anasa peke yake. Anayeagiza bakuli na kukubali kulisubiri kwa miezi ndiye anayempa fundi sababu ya kununua patasi nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo sitaki kuipaka Japani rangi ya peponi. Takriban asilimia 29 ya watu wake wana umri wa miaka 65 na zaidi, na wazee wengi wenye ustadi hawana wa kuwarithi. Vijana huona mafunzo ni marefu na malipo haba. Tena si kila mila ni ya kukumbatiwa macho yamefumbwa. Mwanamke haruhusiwi kukanyaga uwanja wa mieleka ya sumo. Mwaka wa 2018, katika mji wa Maizuru, meya alizimia akihutubia uwanjani. Wanawake waliokimbilia kumpa huduma ya kwanza wakatangaziwa kwa kipaza sauti watoke. Mkuu wa chama cha sumo aliomba radhi baadaye, lakini katazo lenyewe halikuondolewa. Mimi kama msichana siwezi kulisifu jambo hilo. Mila inayomtoa mwenye dawa kwa mgonjwa inastahili kujadiliwa, tena na wenye mila wenyewe.

Wala tusidhani mambo haya hayatuhusu ndewe wala sikio. Marehemu Profesa Wangari Maathai alizuru Japani mwaka wa 2005, baada ya kushinda Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka wa 2004. Huko alijifunza neno mottainai, linaloeleza uchungu wa kuona kitu chenye thamani kikipotea bure. Alilipenda akalitangaza duniani, hata Wajapani wenyewe wakaanza kulitazama upya neno lao la zamani. Alilihubiri kwa ajili ya miti na mifuko ya plastiki. Mimi naona linafaa hata kwa ujuzi.

Nikikunja jamvi, nirudie swali langu. Pesa za safari ya kifahari nchini Japani hazinunui kale, kwa sababu kale haiuzwi. Hazinunui usasa, maana treni ya kasi kila mtu huipanda. Hununua muda wa watu waliokubali kujifunza jambo moja vizuri, na waliofundishwa na wengine kabla yao. Treni huwaleta wageni, wageni huleta pesa, pesa humweka fundi kazini, na fundi akiwa kazini kijana hupata wa kumwiga. Maendeleo na mila vimeshikana mikono. Mnyororo huu hukatika pale tu mwanafunzi anapokosekana.

Nasi Kenya tunapokea wageni wa kifahari kila mwaka, na bila shaka baadhi yetu tunaosoma gazeti hili tutakuwa waongozaji wao, wapishi wao na madereva wao. Kwa hivyo nakupa kazi ya likizo, ewe mwanafunzi mwenzangu. Tafuta nyumbani kwenu ujuzi ambao mtu mmoja tu anaujua: kusuka kiondo cha mkonge, kuchonga, kutambua dawa za miti, kuimba nyimbo za harusi. Keti naye. Muulize, andika, kisha shika kazi kwa mikono yako mwenyewe. Usingoje mgeni aje alipe ndipo ujue kwamba kilikuwa na thamani.